Mficha uchi hazai: wanaume wa Katuba na kipimo wanachokikwepa

Ndoa ikitimiza mwaka bila mimba, Katuba nzima humtazama mwanamke. Mama mkwe huja na swali lake, "Mama, tutaona mutoto siku gani?", na swali hilo humwendea mke peke yake hata kama mume ameketi palepale. Kuanzia hapo mke hushika njia. Hupimwa damu na mkojo, hufanyiwa ekografi, hupigwa picha ya mirija ya uzazi kwa dawa inayosukumwa ndani ya mji wa mimba, kipimo ambacho wanawake wengi hutoka nacho wakishikilia tumbo. Hunywa mizizi ya kila aina. Hukesha kwenye maombi. Mimba isipoingia, ataitwa ngumba, na ndugu wa mume wataanza kumshauri kaka yao atafute nyumba ya pili.

Miaka hiyo yote, iwe mitatu, mitano au kumi, mara nyingi mume hajapimwa hata mara moja. Akiulizwa, jibu lake ni fupi: "Miye niko muzima." Na kwa macho ni mzima kweli. Anafanya kazi, anakula bukari yake, chumbani hana tatizo. Lakini nguvu za mwili ni jambo moja na uwezo wa kutungisha mimba ni jambo jingine, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti hiyo bila kipimo.

Makala haya yana neno moja kwa wanaume wa Katuba na wa Lubumbashi yote. Ndoa ikichelewa kupata mtoto, mume apimwe siku ileile mke anapoanza kupimwa. Kipimo chake cha kwanza ni chepesi kuliko vyote, hakina kisu wala sindano, na jibu lake laweza kumwepusha mwanamke na miaka ya mateso ya bure. Tena katika mji uliojengwa juu ya shaba na kobalti, mwanaume ana sababu ya ziada ya kujua hali yake.

Mzigo wa wawili

Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kuna ugumba pale watu wawili wanapolala pamoja mara kwa mara, bila kinga yoyote, kwa miezi 12 na mimba isiingie. Mke akiwa amepita umri wa miaka 35, madaktari hushauri wasisubiri mwaka. Miezi 6 yatosha. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, shirika hilo lilikadiria kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, yaani karibu mtu 1 kati ya 6, hukutana na shida hii katika maisha yao, na kwamba nchi tajiri na nchi maskini hazipishani sana katika hesabu hiyo. Zinapopishana ni kwenye matibabu.

Ukichukua ndoa zote zenye shida hii, katika karibu nusu yake mwanaume anahusika: ama shida iko kwake peke yake, ama iko kwake na kwa mkewe pia. Maana yake ni kwamba familia inayompima mwanamke tu imeacha nusu ya jibu nje ya mlango. Daktari anaweza kumtibu mke kwa miaka mingi, akafungua mirija yake, akarekebisha homoni zake, na mtoto asipatikane kwa sababu shida haikuwa kwake.

Kosa linalozaa makosa mengine ni kuchanganya nguvu za kiume na uzazi. Korodani zina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza homoni ya kiume, testosteroni, inayoleta sauti nzito, ndevu, misuli na hamu. Ya pili ni kutengeneza mbegu. Kazi hizo hufanywa na chembe tofauti zinazokaa jirani, kwa hiyo moja inaweza kuharibika na nyingine ikaendelea vizuri. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote za chumbani na asiwe na mbegu hata moja. Wala hataona tofauti kwenye manii yake, kwa sababu sehemu kubwa ya majimaji hayo hutoka kwenye tezi dume na vifuko vya manii. Mbegu ni sehemu ndogo sana. Karibu mwanaume 1 kati ya 100 yuko katika hali hiyo, na wengi wao hawajui.

Wapo pia wanaosema, "Nilishazaa na mwanamke wa kwanza." Mtoto huyo ni ushahidi wa miaka ile. Tangu hapo huenda umepita ugonjwa, upasuaji, kazi mpya au umri. Madaktari huutambua ugumba unaokuja baada ya uzazi wa kwanza, na humpata mwanaume kama unavyompata mwanamke.

Kwa nini baba hujificha

Aibu hii ina mizizi, na haifai kuidharau. Katika mitaa yetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake: Baba Fulani, Mama Fulani. Kwa Waluba, aliyezaa mapacha hupata cheo kizima, Shambuyi, na mkewe Mwambuyi, na heshima hiyo hubaki nao hadi uzeeni. Asiyeitwa baba wa mtu yeyote hubaki na jina la ujana wake hata mvi zikimwota. Kwa mwanaume wa namna hiyo, karatasi ya labo inatisha. Anaona bora mashaka yabaki kwa mke kuliko uhakika uje kwake.

Historia nayo iliongeza uzito. Enzi za Ubelgiji, serikali na makampuni walihesabu vizazi kwa makini. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iligeuza siasa yake ya kazi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920: badala ya kuleta vijana wa mikataba mifupi, ikataka wafanyakazi wanaoishi kambini na wake zao na kuzaa watoto, ili kizazi cha pili cha wafanyakazi kitoke palepale. Baadaye, uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu wa Kongo uliofanywa kati ya 1955 na 1957 ulionyesha kwamba maeneo kadhaa ya kaskazini, kama Tshuapa na Uele, yalikuwa na wanawake wengi waliofika uzeeni bila mtoto hata mmoja. Wataalamu waliofuatilia jambo hilo walilihusisha zaidi na magonjwa ya zinaa, na penisilini ilipoenea uzazi ulipanda tena. Magonjwa hayo yalikuwa yakipita kwa wanaume na kwa wanawake vilevile. Lakini hesabu iliyoandikwa ilikuwa ya wanawake: nani amezaa, nani hakuzaa. Mwanaume hakuwa na mstari wake kwenye daftari, na katika familia zetu bado hana.

Methali ya Waswahili imelisema jambo hili waziwazi: mficha uchi hazai. Anayeona haya kujifunua mbele ya anayeweza kumsaidia hukosa kile anachokitamani kuliko vyote.

Sababu zilizo mwilini

Sababu inayoonekana zaidi kwa wanaume wanaotafuta matibabu ni varikoseli, yaani mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Karibu asilimia 15 ya wanaume wote wanayo, na wengi wao huzaa bila shida. Lakini kati ya wanaume wenye ugumba, hupatikana kwa karibu asilimia 40. Damu inayotuama huongeza joto, na joto ni adui wa mbegu. Korodani huning'inia nje ya mwili kwa sababu hiyo: mbegu zinahitaji nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la tumbo.

Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa kiume anayezaliwa korodani zikiwa hazijashuka anahitaji kuonekana na daktari mapema, afanyiwe upasuaji akiwa mdogo. Zikibaki tumboni miaka mingi, uwezo wa kutengeneza mbegu hupungua na hatari ya saratani huongezeka. Mama anayemwogesha mtoto ndiye wa kwanza kuweza kuligundua hilo. Akiona mfuko mtupu, asingoje.

Magonjwa ya zinaa ni sababu nyingine nzito. Kisonono na klamidia visipotibiwa vizuri hupanda hadi kwenye mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, huacha kovu na kuziba njia. Korodani zinaendelea kutengeneza mbegu, ila hazina pa kupitia. Klamidia ni ya hatari zaidi kwa sababu kwa wanaume wengi haileti maumivu wala usaha. Anayenunua vidonge viwili barabarani, maumivu yakipoa akaacha, huenda amezima dalili na kuuacha ugonjwa ukifanya kazi yake. Na akitibiwa peke yake, mkewe akaachwa, wataambukizana tena.

Matumbwitumbwi yakimpata mvulana kabla ya kubalehe kwa kawaida hupita bila kuacha madhara ya uzazi. Yakimpata kijana aliyekwisha balehe yanaweza kushuka kwenye korodani, yakazivimbisha na kuziharibu. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye njia za mbegu. Kichocho huweza kuzidhuru kwa waliokulia kando ya maji yenye ugonjwa huo. Ugonjwa wa damu wa SS, unaojulikana sana katika familia za Kongo, huweza kupunguza mbegu, na pia kuleta kusimama kwa uume kwa saa nyingi kwa maumivu, jambo linalohitaji hospitali siku hiyohiyo. Upasuaji wa henia wa utotoni huweza kuwa ulikata au kubana mrija wa mbegu bila mtu kujua hadi siku ya kutafuta mtoto.

Zipo sababu za kuzaliwa nazo. Karibu mwanaume 1 kati ya 600 huzaliwa na kromosomu ya X iliyozidi, hali inayoitwa Klinefelter. Hukua kama wenzake, mara nyingi mrefu, korodani ndogo, mbegu chache mno au hakuna. Wengine wamekosa kipande cha kromosomu Y kinachobeba maagizo ya kutengeneza mbegu. Hakuna aliyewaroga, na hakuna walilokosea.

Tena kuna sababu zinazokuja na kuondoka. Homa kali ni mojawapo, na katika mji wenye malaria kama wetu jambo hili lapaswa kujulikana na kila mtu. Mbegu moja huchukua karibu siku 74 kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kukomaa na kusafiri. Malaria kali ya mwezi uliopita inaweza kushusha hesabu ya mbegu za mwezi huu na ujao, kisha hali ikarudi yenyewe. Pombe nyingi, na hasa lutuku, hushusha homoni. Sigara huharibu mbegu. Na vijana wanaojidunga testosteroni au dawa za kukuza misuli wajue kwamba homoni inayoingia kutoka nje huuambia ubongo usimamishe kazi ya korodani: misuli inajaa, mbegu zinakwisha.

Mji wa shaba na mwili wa baba

Tanuru la kuyeyusha shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa. Tangu hapo madini ndiyo riziki yetu, na pia vumbi tunalolivuta. Katika miaka ya karibuni wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, wamelipima vumbi hilo ndani ya miili ya watu. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu, Benoit Nemery na wenzao walichapisha matokeo ya kupima mikojo ya watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini kuliko watu wa vijiji vya mbali na migodi, na watoto ndio walioathirika zaidi.

Kisha ukaja uchunguzi uliotoka katika maternite zetu wenyewe. Kati ya Machi 2013 na Februari 2015, timu iliyokuwa na Daan Van Brusselen na Tony Kayembe-Kitenge ilifuatilia watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na kasoro za mwili zinazoonekana, na kuwalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Katika mambo yote waliyoyauliza, lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba. Baba akiwa na kazi inayohusiana na madini, uwiano wa hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa mara 5.5. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, kwa hiyo makadirio yalikuwa mapana, kati ya 1.2 na 25. Hata hivyo ujumbe wake ni mzito: mwili wa baba una sehemu yake katika hatima ya mtoto, na kazi yake huingia humo.

Kasoro za watoto wachanga na ugumba ni mambo mawili tofauti, na uchunguzi huo haukupima mbegu. Lakini unatuonyesha mahali pa kuangalia. Mwaka huohuo wa 2020, Paul Musa Obadia na wenzake walichapisha uchunguzi wa awali juu ya nguvu za kiume na kazi za madini hapahapa Lubumbashi. Swali ambalo mitaani halitamkwi limeanza kuulizwa chuoni, na wanaume wetu wamekubali kulijibu.

Kwingineko duniani, ushahidi juu ya kazi na mbegu ni wa zamani. Risasi, ile inayopatikana kwenye betri za magari na kwenye baadhi ya mawe ya madini, imethibitishwa kupunguza mbegu inapojaa kwenye damu. Kadimiamu na kobalti zimeharibu korodani za wanyama wa maabara. Kwa binadamu ushahidi bado unajengwa. Na kuna kisa kimoja ambacho kila mfanyakazi anapaswa kukijua. Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP walianza kuzungumza wao kwa wao: mbona hakuna kati yetu aliyepata mtoto karibuni? Wakadai kupimwa. Kadhaa walikutwa hawana mbegu hata moja. Miaka miwili baadaye Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya dawa hiyo. Ukweli huo haukugunduliwa na daktari wala mkaguzi. Uligunduliwa na wanaume waliokubali kusemezana.

Joto nalo lina watu wake. Anayesimama mbele ya tanuru, anayeoka mikate usiku kucha, anayechomelea vyuma, dereva anayekalia injini kutwa: wote wanapaswa kumwambia daktari kazi yao bila kungoja kuulizwa.

Ipo sababu nyingine ambayo labo haiwezi kuiona, nayo ni umbali. Wanaume wengi wa Katuba wana kazi Kolwezi, Fungurume au Likasi, na wake zao wamebaki hapa. Kolwezi ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Mume anarudi mara moja kwa mwezi, siku mbili tatu, amechoka. Mwanamke hushika mimba ndani ya siku chache tu za kila mzunguko, na mbegu huweza kuishi ndani yake hadi siku 5 hivi. Ziara ikikosa siku hizo, mwezi umepita. Na miezi 12 ya namna hiyo si mwaka wa kujaribu. Kabla ya kumwita mtu yeyote mgonjwa, daktari mzuri huuliza: mnalala pamoja mara ngapi? Ushauri wa kawaida ni kila baada ya siku 2 au 3 katika mzunguko wote.

Siku ya kipimo

Uchunguzi wa mwanaume huanza kwa mazungumzo. Daktari atauliza magonjwa ya utotoni, upasuaji, magonjwa ya zinaa, dawa, pombe, kazi. Kisha atamkagua akiwa amesimama: ukubwa wa korodani, kama mirija ya mbegu ipo, kama kuna varikoseli, busha au henia. Hatua hii huchukua dakika chache, na mara nyingi hurukwa kwa sababu ya haya ya pande zote mbili. Isirukwe.

Halafu kinakuja kipimo chenyewe, spermogramu. Mwanaume hukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga manii, kisha huyatoa kwa mkono ndani ya kikopo safi alichopewa na labo. Wapo ambao dini yao inawatia wasiwasi juu ya njia hiyo. Wamweleze daktari, kwa kuwa ipo kondomu maalumu isiyodhuru mbegu, ambayo hutumiwa pamoja na mke. Kondomu ya dukani haifai, wala mate wala mafuta. Yakikusanywa nyumbani, yafike labo ndani ya saa moja, kikopo kikiwa kimefichwa karibu na mwili ili kisipoe. Yote yaingie kikoponi. Tone la kwanza likimwagika, mwanaume aseme, kwa sababu mwanzoni ndimo mbegu nyingi zilimo.

Mtaalamu huyaacha manii yayeyuke, hupima ujazo wake, kisha huyaweka chini ya mikroskopu. Hufanya kile alichokifanya Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek mwaka 1677, mtu wa kwanza kuandika juu ya viumbe hivyo vidogo vyenye mkia: huzitazama mbegu zikiogelea. Ila yeye huzihesabu. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kazi hiyo tangu mwaka 1980, na toleo la 6 la mwaka 2021 lina viwango hivi vya chini: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, jumla ya mbegu milioni 39, asilimia 42 ziwe zinatembea, na asilimia 30 zisonge mbele, na zenye umbo kamili ziwe asilimia 4.

Wanaume wengi hushtuka kuona asilimia 4. Wasishtuke. Viwango hivyo vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na ndivyo mbegu za binadamu zilivyo: nyingi zina kasoro ya umbo. Aliye chini ya kiwango hajahukumiwa, anaweza kuzaa, ila itachukua muda zaidi. Aliye juu yake naye hana hakika ya kila kitu.

Jibu moja baya halitoshi kumwambia mtu lolote. Kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa, na kama mwanaume alikuwa na homa kali, ni vema miezi mitatu ipite. Jibu la pili likithibitisha la kwanza, hufuata vipimo vya damu kuangalia homoni, hasa FSH na testosteroni. Hapa ndipo daktari hujua shida iko wapi. Mbegu hazipo, korodani ni ndogo na FSH iko juu: kiwanda chenyewe kimechoka. Mbegu hazipo, lakini korodani na FSH ni za kawaida: yaelekea kiwanda kinafanya kazi na barabara imefungwa. Ekografi huonyesha mishipa na vizuizi. Kwa mwenye kisukari anayetoa manii kidogo sana, mkojo wa baada ya tendo hupimwa, kwani huenda manii yanarudi nyuma kwenye kibofu.

Baada ya jibu

Jibu baya si mwisho. Maambukizi hutibiwa, mume na mke pamoja. Varikoseli inayohisika kwa mkono, mbegu zikiwa chache, hufanyiwa upasuaji, na kwa wengi hesabu hupanda baada ya miezi kadhaa. Homoni zilizopungua kwa sababu ya ubongo kutozituma huweza kurudishwa kwa sindano. Anayeacha lutuku, sigara au dawa za misuli hujipa nafasi mpya, lakini ahesabu miezi mitatu na zaidi kabla ya kupima tena.

Kwa wenye mbegu chache mno, mlango ulifunguliwa Ubelgiji. Katika Chuo Kikuu huru cha Kiflemi cha Brussels, Mwitalia Gianpiero Palermo aliingiza mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, inayoitwa ICSI, alizaliwa Januari 1992. Kabla ya hapo, mwanaume mwenye mbegu chache kupindukia alikuwa hana la kutumaini. Leo hata ambaye hana mbegu kwenye manii huweza kutolewa chache kutoka kwenye korodani yenyewe, zikatumika. Katika ukanda wetu, Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa kutungwa maabara mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Gharama ni kubwa na familia nyingi za Katuba haziwezi. Ndiyo maana ni muhimu kujua mapema, wakati matibabu mepesi bado yanafaa na umri wa mke bado unaruhusu.

Anayeuza mizizi na kuahidi mapacha hawezi kufungua mrija wenye kovu. Mengi ya yale yanayouzwa kama dawa za wanaume hulenga nguvu, na tumekwisha kuona kwamba nguvu si mbegu. Sala ina nafasi yake, inawapa watu uvumilivu wa kungoja jibu. Lakini mchungaji anayewatakia mema waumini wake amwambie mume mbele ya mkewe: baba, na wewe nenda ukapimwe.

Yaliyo mikononi mwetu

Hospitali na vituo vya afya vinaweza kuanza kesho bila msaada wa nje: mwanamke anapokuja na malalamiko ya ugumba, fishi isifunguliwe kwa jina lake peke yake. Mume aandikwe hapohapo, na spermogramu iwe miongoni mwa vipimo vya kwanza, kabla ya picha ya mirija. Mpango huo utawapunguzia wanawake maumivu na kuzipunguzia familia gharama.

Makampuni ya madini yana deni lao. Mfanyakazi apewe mahali pa kuoga na pa kuacha nguo za kazi, ili vumbi lisifike kwenye beseni la mkewe na kitanda cha watoto. Apimwe damu na mkojo, na aonyeshwe majibu yake. Afya ya uzazi iingie katika uchunguzi wa kila mwaka wa wafanyakazi, na vyama vya wafanyakazi vidai hivyo kwa sauti, kama walivyodai wale wa Lathrop.

Familia nazo zibadilishe swali. Mama mkwe anayetaka mjukuu amwite mwanawe kwanza. Yaya na wajomba wanaokaa kikao cha ndoa wasizungumze habari ya nyumba ya pili kabla hawajaona karatasi mbili za labo, ya mke na ya mume. Pasipo na mtoto kabisa, baada ya kila kitu kujaribiwa, ndoa bado ni ndoa, na watoto wa ndugu wanaolelewa katika nyumba nyingi za Katuba hawajawahi kukosa wa kumwita baba.

Na wewe mwanaume unayesoma haya, huku mkeo akiwa amekwisha kwenda hospitali mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka, kazi yako ni ndogo. Mwambie leo kwamba safari ijayo mtakwenda wawili. Mkipewa jibu jema, mmepata pa kuanzia. Mkipewa baya, mmepata ukweli, na ukweli huo mtaubeba pamoja badala ya kumwachia yeye peke yake.